Tarehe ya Kujifungua Uliyopata Kwenye Simu

Leo tuzungumzie vikokotoo vya intaneti vinavyokadiria tarehe ya kujifungua.

Unaandika siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, nacho kinaongeza siku 280. Tuseme hedhi ilianza tarehe 10 Machi: utapewa 15 Desemba. Hesabu ya zamani ya wakunga huongeza siku 7 na miezi 9, ukapata 17 Desemba. Usibabaike. Zote mbili ni makadirio, na watoto wengi huzaliwa kati ya wiki ya 37 na ya 42.

Kikokotoo kizuri hukueleza kinavyohesabu, hukuuliza mzunguko wako ni wa siku ngapi, na husema wazi kwamba hakichukui nafasi ya mhudumu wa afya. Kisichosema hayo, usikitegemee.

Hesabu hii ni ya mzunguko wa siku 28. Kama hedhi yako hubadilika-badilika, umesahau tarehe, au ulishika mimba ukinyonyesha au ulipoacha sindano ya kupanga uzazi, itapotoka. Wahi kliniki. Picha ya ultrasaundi ikipigwa mapema, kabla ya wiki ya 24, hukadiria vyema zaidi.

Ukiona damu, chupa ya maji ikipasuka, kichwa kikiuma sana au mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya simu. Nenda hospitalini mara moja.

Kwaheri mama, tukutane kipindi kijacho.