Uhuru wa Kusema ni Pamoja na Kujibiwa

Jina la mji wetu wa Sumbawanga ni amri. Wazee wa Ufipa hutueleza kuwa maana yake ni "tupa uchawi". Waliotuachia jina hilo walitambua uzito wa neno la mwanadamu.

Lakini uchawi hautupiki iwapo ndimi zetu zinauzaa upya kila siku. Mtoto akiugua au ng'ombe akifa, jioni mtu humnong'oneza mwenzake jina la bibi kizee fulani. Kufika asubuhi jina hilo limekwisha zunguka kijiji kizima. Hapana aliyemshtaki mbele ya watu, wala yeye mwenyewe hajui amjibu nani. Hata hivyo amekwisha hukumiwa. Katika nchi yetu wako wazee, hasa wanawake, waliofukuzwa makwao na hata kuuawa kwa neno la namna hiyo.

Je, huo nao ni uhuru wa kusema? Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake. Haki hiyo ni miongoni mwa haki za msingi zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Ibara ya 30 nayo inakumbusha kuwa uhuru wa mmoja usivunje haki ya mwingine. Ahadi za mwana-TANU, ambazo CCM ilizirithi ilipozaliwa mwaka 1977, zinamtaka mwanachama aseme kweli na kuikataa fitina. Kweli na fitina hutoka katika kinywa kimoja. Ila kweli hukubali kuulizwa, na fitina hukimbia swali.

Ndugu wananchi, viongozi nao wajihadhari. Mkulima wa mahindi anayesimama kuuliza mbolea ya ruzuku imegawiwaje, au fedha za kijiji zimetumikaje, si mfitini. Amesema hadharani, jina lake linajulikana, na anangoja jibu. Akinyamazishwa, swali lake halifi. Litahamia vilabuni na visimani, na huko litageuka uvumi usio na mwenyewe. Kiongozi anayeziba midomo mkutanini ndiye anayefungua milango ya minong'ono.

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaweka Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mtu mzima ni mjumbe wake, na ambao hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mkutano huo si wa kupiga makofi tu. Ndipo mahali pa kuhoji na kujibiwa.

Basi mgonjwa apelekwe zahanati, mwizi ashtakiwe polisi kwa ushahidi, na malalamiko juu ya uongozi yaletwe mkutanini. Mwenyekiti asifunge kikao kabla swali halijajibiwa. Na yeyote atakayenong'onezwa jina la jirani yake usiku, amuulize msemaji swali moja: je, yuko tayari kulirudia mchana, mbele ya huyo anayemtaja? Akikataa, neno hilo tulitupe.