Majina Tunayoandikiwa Katika Fishi: Tujadiliane Kabla ya Kuandika

Hotuba iliyotolewa Bunia mbele ya wawakilishi wa jamaa zilizohama makwao, wakubwa wa mitaa na wajumbe wa kamati za amani

 

Leo hatukuja kuzungumza juu ya unga wala turubai. Tumekuja kuzungumza juu ya maneno. Tunajua kuna watakaosema moyoni: maneno yatatusaidia nini, na mvua inaingia ndani? Swali hilo ni la haki. Lakini kila mmoja wenu amekwisha kuandikwa. Kijana alikuja na simu, akauliza jina, umri, mahali mlipotoka, hesabu ya watoto, halafu akabonyeza neno moja linalosema ninyi ni watu wa namna gani. Kwa neno hilo mmoja alipata jetoni, na mwingine aliambiwa angoje.

Programu iliyo ndani ya simu

Mashirika mengi yanaandikisha watu kwa programu iitwayo KoBo. Ilianzishwa na watafiti Phuong Pham na Patrick Vinck, waliokuwa wakiuliza raia wa kaskazini ya Uganda na wa mashariki ya Kongo maoni yao juu ya vita, amani na haki. Uchunguzi wao wa mwaka 2007 ulihusisha Ituri pia. Jina KoBo limetoka katika lugha ya Kiacholi, na maana yake ni kuhamisha.

KoBo ni programu huria. Maana yake, maandishi yake ya ndani yako wazi. Fundi yeyote duniani anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia bila kuomba ruhusa kwa tajiri fulani. Ni kama salongo: kazi ni ya wote, na kila mmoja analeta jembe lake. Na kama ilivyo katika salongo, wanaofanya kazi pamoja hubishana.

Mafundi walivyobishana

Kwa miaka mingi, mafundi wa kompyuta walipokuwa na mashine moja inayoamuru na nyingine inayofuata, waliita ya kwanza "bwana" na ya pili "mtumwa", kwa Kiingereza. Waliokataliwa kuingia mahali waliwaita watu wa "orodha nyeusi", na waliokubaliwa wa "orodha nyeupe". Wengi walisema hayo ni maneno ya kazi tu, hayamgusi mtu. Wengine, na hasa wale ambao babu zao waliuzwa, walisema yanawagusa kila siku wanapofungua mashine.

Mwaka 2014 wenye programu ya Django waliacha maneno ya bwana na mtumwa. Mwaka 2018 fundi Victor Stinner alipendekeza yaondolewe katika Python, lugha moja kubwa ya kuandikia programu. Majadiliano yaliwaka moto, mpaka Guido van Rossum, aliyeianzisha lugha hiyo, akakata shauri: mengi yabadilishwe, machache yaliyotoka nje ya Python yabaki. Tarehe 25 Mei 2020 George Floyd aliuawa na polisi kule Minneapolis, Marekani, na mjadala ukaenea zaidi. Mwezi wa saba mwaka huo, mafundi wa Linux walikubaliana kwamba maandishi mapya yasitumie tena maneno hayo, wala maneno ya orodha nyeusi na nyeupe.

Waliopinga nao walikuwa na hoja. Walisema: mkibadilisha neno, programu za watu wengine zinazolitegemea zitakufa. Wengine, na kati yao watu weusi, walisema: mnabadilisha neno lililo rahisi, lakini kazini hamtuajiri. Hoja hizo mbili tuzishike, kwa sababu zinatuhusu hata sisi.

Kuna jambo lililofanywa na wenye programu ya Redis ambalo limetupendeza. Mwaka 2018 walileta amri mpya isiyo na neno mtumwa, lakini ile ya zamani waliiacha iendelee kufanya kazi. Aliyejua neno la zamani hakufungiwa nje. Aliyetaka jipya alilipata.

Kiswahili chetu nacho kina historia

Tusifikiri hayo ni mambo ya Wazungu na Wamarekani tu. Kiswahili tunachosema kilifika huku ndani kwa njia za misafara ya pembe na ya watumwa, katika karne ya 19. Misafara hiyo ilileta neno "mwungwana" kwa ajili ya mtu wao, na neno "mshenzi" kwa ajili ya mtu wa bara, yaani babu zetu. Leo bado tunaitana washenzi sokoni, tukisahau kwamba neno hilo lilimdharau mtu wa bara.

Na tunajua neno linaweza kufika wapi. Kule Rwanda, redio RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita watu mende. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mwenye gazeti. Hapa Ituri, tangu vita vya 1999, kila upande ulikuwa na majina ya kumwitia mwenzake. Hatutayataja, kila mmoja hapa anayajua, na watoto wetu pia wanayajua. Wahenga walisema ulimi unauma kuliko meno.

Maneno yaliyo katika fishi zetu

Tuchukue mifano minne.

Neno la kwanza ni "mkimbizi". Mjini tunamwita hivyo kila aliyehama. Lakini kwa sheria, mkimbizi ni yule aliyevuka mpaka, kama ndugu zetu walio Kyangwali, Uganda. Aliyetoka Djugu au Irumu akaja Bunia ni raia aliyehama ndani ya nchi yake. Ana haki ya kadi ya uchaguzi, ya kusomesha watoto, ya kushitaki na kushitakiwa kama mwenyeji. Ndivyo zinavyosema Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998, na Mkataba wa Kampala uliopitishwa na Umoja wa Afrika mwaka 2009. Mtoto akiitwa mkimbizi miaka mitano katika mji wa jimbo lake mwenyewe, mwishowe ataamini kwamba yeye ni mgeni.

Neno la pili ni "kadogo". Kila mtu hapa anaelewa: mtoto aliyekuwa na bunduki. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na ilihusu watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa katika vita vya Ituri. Lakini neno askari lilifanya watu watafute bunduki. Msichana aliyepika, aliyebeba mizigo, aliyelazimishwa kuwa "mke" wa mkubwa, hakuwa na bunduki ya kurudisha. Wasichana wengi walibaki nje ya mipango ya kuwarudisha watoto kwao. Ndiyo sababu Kanuni za Paris za Februari 2007 zinasema "mtoto aliyehusishwa na jeshi au kikundi chenye silaha". Maneno ni marefu, kweli, lakini msichana yule anaingia ndani yake. Na kijana akirudi shuleni, mwalimu asimwite kadogo mbele ya wenzake. Amwite kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Neno la tatu ni lile tunalowaita Waefe na Wambuti wa msitu wa Ituri. "Mbilikimo" linapima urefu wa mtu, halitaji mtu mwenyewe. Sheria ya Kongo ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu asilia Mbilikimo, na kwa Kifaransa imelitumia neno "Pygmées". Kuna wanaolikataa neno hilo, na kuna wanaolitumia kudai haki zao mbele ya serikali. Anayeandika fishi asichague kwa niaba yao. Awaulize: ninyi mnajiitaje? Akijibiwa Efe, aandike Efe.

Neno la nne ni "mkubwa wa nyumba", au chef de ménage. Mume akiwa Mongbwalu kwenye machimbo, au hajulikani alipo, mama anajibu: mkubwa hayupo. Mwandishi anapita kibanda kinachofuata. Ni afadhali kuuliza: nani anajibu leo kwa ajili ya jamaa hii, na nani atapokea msaada? Kwa swali hilo mjane anaonekana, na mtoto anayelea wadogo zake anaonekana.

Kuna na swali ambalo mara nyingi halitakiwi kabisa, nalo ni kabila. Kambi ya Plaine Savo ilishambuliwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022, na watu zaidi ya 50 waliuawa. Mwezi wa sita 2023 ilikuwa zamu ya kambi ya Lala, na zaidi ya 40 walikufa. Katika jimbo lililoona mambo hayo, orodha yenye jina, kibanda na kabila ni silaha ikianguka katika mikono mibaya. Kama kabila halibadilishi msaada, lisiulizwe. Kama ni lazima kuulizwa, watu waelezwe sababu, na waambiwe orodha itawekwa wapi.

Neno zuri halijazi sufuria

Sasa turudi kwenye hoja za wale waliopinga. Ni kweli kwamba mtu anaweza kuitwa kwa jina la heshima na akaendelea kulala juu ya tope. Shirika likibadilisha neno katika fishi bila kubadilisha namna linavyowapokea watu mlangoni, limepaka chokaa ukuta uliopasuka. Msituachie kazi hiyo nusu. Mkiona neno limebadilika, ulizeni: na nini kingine kimebadilika?

Ni kweli tena kwamba neno jipya linaweza kumfungia mtu nje. Mama mwenye jetoni ya zamani iliyoandikwa "mkimbizi" asirudishwe nyumbani kwa sababu sasa tunaandika "aliyehama". Hapo tufuate Redis: karatasi ya zamani na mpya zipokelewe zote mbili.

Lakini asiwepo wa kuwaambia kwamba neno haliwezi kubadilika kwa sababu mashine imelikataa. Katika fishi ya KoBo kila swali lina majina mawili. Moja ni la mashine, na anayejibu halioni. Lingine linasomwa kwenye kioo cha simu, na linaweza kuandikwa kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala au lugha nyingine. Lile linalosomwa linaweza kurekebishwa bila kuharibu hesabu za zamani.

Tunavyopendekeza

1. Kabla ya kuandikisha watu, shirika lisome maswali yote kwa sauti mbele ya kamati ya kambi. Wanawake, vijana na walemavu wawepo.

2. Wanaoitwa kwa neno fulani ndio wasikilizwe kwanza. Wengine wafuate.

3. Wakishindwa kupatana, yaandikwe maneno mawili na kila mtu achague lake.

4. Mkubwa wa mtaa na mwalimu wawe wa kwanza kuacha jina la kuumiza. Mtoto hufuata anachosikia.

Mafundi wale walibishana miaka mingi, walikasirikiana, na hata leo hawajapatana katika yote. Lakini walibishana kwa hoja, kila mmoja akaandika yake na kusoma ya mwenzake. Hapa kwetu, ugomvi wa majina umekwisha kuchoma vijiji. Tukiweza kukaa chini ya mwembe mmoja, Mhema na Mlendu, Mngiti na Mbira, Mualur na Mnande, aliyehama na aliyempokea, tukabishana juu ya neno moja la fishi mpaka tukapatana, tutakuwa tumejifunza namna ya kubishana juu ya mambo mazito zaidi: shamba, mpaka, na njia ya kurudi nyumbani.



Maswali ya kuzungumzia katika kamati

– Ni neno gani mnaloitwa ambalo hamlipendi? Mngependa kuitwaje?

– Je, kuna jamaa katika kambi au mtaa wenu ambayo haikuandikwa kwa sababu ya namna swali lilivyoulizwa?

– Ni jina gani sisi wenyewe tunawaita wengine, na tungeumia kama tungeitwa hivyo?