Kibali cha Kazi Baada ya Masomo Kanada: Yafahamu Kabla ya Kulipa



Leo tunazungumza na wazazi wanaojiandaa kumpeleka mtoto kusoma Kanada, pamoja na vijana walioko huko ambao mahafali yao yamekaribia. Kwa familia nyingi, karo ya mwanafunzi wa kigeni ni malipo makubwa kuliko yote waliyowahi kufanya. Kwa ajili yake shamba huuzwa, mkopo huchukuliwa na ndugu huchangishana. Aghalabu kinachowapa moyo si shahada peke yake, bali tumaini kwamba kijana akihitimu atafanya kazi huko kwa muda, alipe deni na kupata uzoefu. Tumaini hilo lina msingi katika sheria, lakini lina masharti, na baadhi ya masharti hayo huamuliwa siku ya kuchagua chuo, kabla kijana hajapanda ndege.

Kibali tunachokizungumzia hutolewa mara moja tu katika maisha ya mtu. Ni kibali kilicho wazi, maana yake hakimfungi mhitimu kwa mwajiri mmoja, wala hakimtaki awe amekwisha kupata ajira. Kwa hiyo yeyote anayekuuzia barua ya ajira kwa madai kwamba pasipo hiyo ombi halitapokelewa, anakuuzia kitu kisichohitajika.

Jambo la kwanza ni chuo na kozi. Chuo kuruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni si sawa na kozi zake zote kumpa mhitimu haki ya kibali hiki. Kozi ni lazima iwe ya miezi 8 au zaidi, na mwanafunzi awe amesoma kwa muda kamili katika kila muhula, isipokuwa ule wa mwisho. Wanaosoma kozi zisizo za shahada, walioomba kibali cha masomo tangu tarehe 1 Novemba 2024, hutakiwa pia wawe katika fani zilizoorodheshwa na serikali, kama vile afya, elimu, kilimo na ufundi stadi. Orodha hiyo hubadilishwa mara kwa mara. Kabla ya kulipa karo, isomeni wenyewe katika tovuti ya serikali ya Kanada, kisha kiulizeni chuo kwa maandishi iwapo kozi hiyo hasa inastahili. Jibu lake lihifadhiwe.

Jambo la pili ni muda wa kibali. Kozi isiyofika miaka 2 humpa mhitimu kibali cha muda unaolingana na kozi yenyewe. Ya miaka 2 au zaidi huweza kumpa miaka 3. Shahada ya uzamili nayo huweza kumpa miaka 3 hata ikiwa ni fupi, mradi isipungue miezi 8. Lakini kibali hakivuki tarehe ya mwisho ya pasipoti. Kijana ambaye pasipoti yake imebakiza mwaka mmoja atapewa mwaka mmoja, kisha atalazimika kuomba upya muda uliosalia. Ni heri pasipoti ihuishwe mapema.

Jambo la tatu ni mtihani wa lugha, na hapa wengi hujikwaa. Mwenye shahada ya chuo kikuu hutakiwa kufikia kiwango cha 7 katika kipimo cha lugha cha Kanada, kwa kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza. Wahitimu wengi wa vyuo vya kati hutakiwa kufikia kiwango cha 5. Matokeo yasiwe yamepita miaka 2. Aliyefanya IELTS Academic ili apokelewe chuoni asidhani kuwa inatosha: kwa ombi hili hutakiwa IELTS General Training, au mtihani mwingine uliotajwa na serikali. Nafasi ya mtihani iwekwe kabla ya muhula wa mwisho kwisha.

Jambo la nne ni kalenda. Mhitimu ana siku 180 za kuomba, tangu chuo kithibitishe kwa barua au kwa hati ya matokeo kwamba amemaliza. Idadi hiyo huwalaza watu usingizi. Kibali cha masomo hukoma siku 90 baada ya kumaliza, au katika tarehe iliyoandikwa juu yake, ikitangulia. Anayeomba kabla hakijakoma, naye alikuwa na ruhusa ya kufanya kazi wakati wa masomo, huweza kufanya kazi kwa muda kamili huku akisubiri uamuzi. Anayechelewa hupoteza nafasi hiyo, na huweza kujikuta nchini bila hadhi halali. Ushauri wetu ni kuomba katika juma lile lile barua ya chuo inapopatikana.

Jambo la tano ni mawakala. Ada ya serikali ni dola 255 za Kanada: 155 za ombi na 100 za kibali kilicho wazi. Fomu hazina malipo, na mhitimu aweza kuzijaza mwenyewe. Akitaka msaidizi wa kulipwa, sheria ya Kanada huwaruhusu wataalamu walioidhinishwa tu, wakiwemo mawakili, notari wa Quebec na washauri wa uhamiaji waliosajiliwa. Majina ya washauri hao yamo katika daftari lililo wazi kwa umma. Ombeni namba ya usajili, ihakikini, na mdai risiti kwa kila malipo, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwaka 2023 ilidhihirika kwamba baadhi ya wanafunzi wa kigeni walikuwa wameingia Kanada kwa barua bandia za kupokelewa chuoni, zilizotengenezwa na wakala. Wengine walikuwa wamekwisha kuhitimu na kuanza kazi walipoambiwa kwamba huenda wakaondolewa. Tulikumbuke hili: jina katika ombi ni la mwombaji, naye ndiye atakayeulizwa. Anayeonekana kuwasilisha taarifa za uongo aweza kuzuiwa kuingia nchini humo kwa miaka 5, hata kama kalamu ilishikwa na mwingine.

Basi kila familia iwe na bahasha moja: jibu la chuo, risiti zote, nakala ya pasipoti, matokeo ya lugha na tarehe zilizoandikwa kwa wino. Wakala akiwaambia kwamba bahasha hiyo haina haja, msimlipe.