Mashini Yako, Nakala Yako: Linda Osiloskopi Kabla ya Kuigusa Ndani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Sakania)



Hapa kwetu njo mulango wa inchi. Reli ilifika Sakania kutoka Rhodesia mwaka 1909, na mwaka 1910 ikafika Élisabethville, ile tunaita leo Lubumbashi. Tangu wakati ule, shaba inatoka na vitu vilivyotengenezwa vinaingia: telefone, inverta za sola, kompyuta za magari. Vikikufa, tunatupa ao tunauza kwa kilo. Na sisi mashomeri, wenye diploma ndani ya bahasha, tunapita pembeni ya ile kazi kila siku.

Ili kutengeneza, lazima kwanza kuona. Multimeta inakupa namba moja tu. Osiloskopi inakuchorea namna umeme unapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Osiloskopi kubwa ya mezani inaomba pesa ambayo shomeri hana. Lakini kuna ndogo za USB, zisizo na kioo chao, zinazotumia kioo cha kompyuta. Inayojulikana sana ni Hantek 6022BE: njia mbili za kupima, mpaka sampuli milioni 48 kwa sekunde, na kiwanda kinaandika megahezi 20. Kwa chaja, inverta, redio na sensa nyingi za gari, inatosha. Vijana watano ao sita wanaweza kuchanga na kununua moja.

Sasa sikilizeni vizuri, sababu hapa njo watu wanapoteza mashini.

Ndani ya hii osiloskopi kuna chipu ya Cypress, FX2LP. Ile chipu haina fasi ya kudumu ya kuweka programu. Iko na kumbukumbu ya kilobaiti 16 tu, na ukichomoa waya ya USB, yote inafutika. Kila mara unachomeka, kompyuta njo inaituma programu ya ndani, ile mafundi wanaita fimwea. Maana yake: bila lile faili ndani ya kompyuta, mashini yako ni sanduku tupu. Kompyuta ikiibiwa, diski ya programu ikipotea, ukurasa wa kiwanda ukifungwa, unabaki na plastiki mukononi.

Habari njema: ile programu ndani ya faili haiwezi kupita kilobaiti 16. Faili ni dogo kuliko picha moja ya telefone yako. Hata na megabaiti za mwisho za mwezi, unaweza kulituma kwa rafiki. Na kuna watu wa kujitolea waliandika fimwea yao wenyewe, inayotolewa bure: mradi wa OpenHantek6022 na mradi wa sigrok. Leseni yao ni GPL: unaruhusiwa kutumia, kusoma namna iliandikwa, kubadilisha, kunakili na kugawa. Haina wizi. Ni haki iliyoandikwa.

Kitu kimoja kinabaki ndani ya mashini hata bila umeme: chipu ndogo ya miguu minane, EEPROM. Ndani yake kuna namba ya utambulisho, ile inaambia kompyuta «mimi ni nani», na vipimo vya kusahihisha sifuri ya mashini yako wewe, haina ya mwingine. Ukiandika vibaya pale, kompyuta haitaijua tena. Basi, kabla ya kugusa kitu, fuata hii njia:

1. Tumia kompyuta yenye betri iliyojaa. Munajua umeme wa hapa: unaweza kukatika katikati ya kuandika. Chomeka moja kwa moja, bila kupitisha kwenye kigawanyi cha USB.

2. Kwenye Linux, andika lsusb. Unapaswa kuona 04B4:6022, na kisha programu kutumwa, 04B5:6022. Andika hizo namba kwenye karatasi, pamoja na tarehe.

3. Soma EEPROM yote na uiweke ndani ya faili. Mradi wa Hantek6022API uko na programu fupi za Python kwa hiyo kazi.

4. Isome mara ya pili, kwa faili lingine, halafu linganisha yote mawili kwa sha256sum. Kama hazifanani, usiandike kitu. Tafuta waya nyingine, anza tena.

5. Weka nakala fasi tatu: kompyuta, flashi, na telefone ya mutu mwingine. Nakala inayolala ndani ya kompyuta moja tu, mwizi mumoja anaibeba.

6. Sasa njo unaweza kuandika. Ukimaliza, soma tena na ulinganishe na kile ulitaka kuandika. Usiamini neno «OK» peke yake.

Kama tu unataka kujaribu fimwea ya OpenHantek, hauna lazima ya kugusa EEPROM hata kidogo. Inaenda kwenye kumbukumbu inayofutika. Ikikataa, chomoa, chomeka, rudia ya zamani. Watu wengi wanaogopa pale hakuna hatari, na wanakimbia pale hatari iko.

Na kama mashini tayari imekufa? Angalia lsusb tena. Ukiona 04B4:8613, haijakufa: chipu haikupata kitu cha kueleweka ndani ya EEPROM, na imejipa jina lake la kuzaliwa. Tuma fimwea, rudisha nakala yako, imepona. Kama haionekani kabisa, inawezekana EEPROM imejaa kodi mbaya inayoifunga chipu. Fundi mwenye mukono mutulivu anatenganisha mguu wa 5 wa EEPROM, anachomeka USB mpaka 8613 itokee, anarudisha mguu, halafu anaandika nakala. Lakini anaandika nini kama haukuhifadhi kitu? Namba ya utambulisho inajulikana. Vipimo vya mashini yako, hapana: utapima na kusahihisha upya.

Neno moja juu ya maisha yenu. Kile kibanio cheusi cha waya ya kupimia kimeungana na chuma ya kompyuta kupitia USB. Usikishikishe hata siku moja kwenye umeme wa ukuta, wa volti 220, wala upande wa inverta unaotoa 220. Kama kompyuta iko kwenye chaja yenye waya ya udongo, inaungua. Kama iko kwenye betri, chuma yake inabeba volti 220, na wewe umeishika. Pima upande wa volti ndogo tu. Mashini inanunuliwa tena, kijana hapana.

Wandugu, kuna watu wanauza kwa bei kubwa kile kilitolewa bure, sababu sisi hatukuweka nakala. Kila kikundi kinachonunua chombo, kiweke pia faili zake: fimwea, nakala ya EEPROM, maelezo ya namna ya kutumia, na jina la ule anayezilinda. Mutu akisafiri ao akipata kazi Lubumbashi, anaacha faili kwa mwingine mbele ya wote. Hatungoji mutu atupe ruhusa ya kujua kile tunashika mukononi.

Mwenye flashi, akuje hapa mbele. Tunaanza kunakili sasa hivi.