Maji ya Kisima na Maneno ya Soko: Kiangazi katika Bustani za Mboga za Lubumbashi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa kamati za amani za mitaa na wawakilishi wa wauzaji wa masoko)



Tulipoombwa kuja kueleza kazi yetu, mmoja wenu alicheka akauliza: "Ninyi watu wa amani mnatafuta nini kwenye lenga-lenga?" Hatukukasirika. Sisi wenyewe tulianza kazi hii tukiwa na mafunzo ya upatanishi, karatasi kubwa za kubandika ukutani na kalamu za rangi. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja tutakaa kando ya kisima saa kumi na moja ya asubuhi tukihesabu arozwari. Lakini ndipo kazi ilipotufikisha, na ndiyo habari tuliyowaletea leo.

Mnajua wote jinsi mwaka wa Lubumbashi unavyokwenda. Mvua inaanza karibu na Novemba na kuisha mwezi wa nne. Wakati wa mvua kila mtu ana shamba lake: nyuma ya nyumba, kando ya njia, hata juu ya kichuguu, mahindi yanaota. Hakuna anayemwuliza jirani yake habari ya maji. Kuanzia Mei mpaka Septemba mambo yanageuka. Mbingu ni nyeupe, vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria, na Juni na Julai usiku ni baridi kali. Ndio wakati mzuri wa mboga. Magonjwa ya majani yanapungua, tomati haiozi kwenye shina, kabichi inafunga vizuri. Basi wote wanateremka kwenye mabonde, karibu na vijito, mahali ambapo maji yako mita mbili au tatu tu chini ya udongo. Watu waliotawanyika katika mji mzima miezi sita sasa wamebanana kwenye kipande kimoja cha bonde. Kwa sababu hiyo ugomvi wa bustani una msimu wake, kama malaria ilivyo na msimu wake.

Kazi hii si ya jana. Mwaka 2000 ulianza mradi wa FAO kwa fedha za Ubelgiji, kusaidia wakulima wa mboga wa mijini, na Lubumbashi na Likasi zilikuwamo pamoja na Kinshasa, Kisangani na Mbanza-Ngungu. Baadhi ya mama mlio hapa mlijifunza kupima vitanda na kutengeneza mboji wakati ule. Mradi ulikwisha, vitanda vikabaki. Wengi wanaolima leo hawakupata mafunzo yoyote. Waliingia bondeni kwa sababu mshahara haukuja, au kwa sababu mume alikufa, au kwa sababu walifika mjini bila kitu.

Sasa tuwaeleze jambo lililotokea Julai 2023 katika bonde moja la komini ya Annexe. Jina la bonde hatutalitaja, wenyewe wametuomba.

Palikuwa na visima vinne vya kuchimba kwa mkono. Asubuhi vimejaa, saa sita mchana ni tope. Siku moja mama mmoja alifika akakuta kisima alichozoea kimekauka. Akaenda kuchota kwenye kisima cha jirani. Maneno yakaanza, na katika maneno yale mtu akamwambia: "Rudi kwenu. Ninyi wakuja mmemaliza kila kitu, sasa hata maji." Mama yule amezaliwa hapa Lubumbashi, lakini wazazi wake walitoka Kasai.

Kwa mgeni, "rudi kwenu" ni tusi la kawaida. Kwetu Katanga si la kawaida. Mwaka 1992 na 1993 maneno kama hayo ndiyo yaliyotangulia. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko, familia zikalala kwenye stesheni wiki na miezi zikingoja treni, na wengi walikufa pale stesheni na njiani. Mama yule alikuwa mtoto wakati ule, anakumbuka. Na katika miaka hii, vijana wengine wanapofika kwa treni kutoka Kasai kutafuta kazi, maneno ya zamani yanatafuta tena mdomo wa kuyasema. Usiku wa tatu baada ya ugomvi, vitanda vyake sita vya shu ya Shina vilikanyagwa vyote. Wanawe wakatoka na majembe, si kwa kulima.

Tuliitwa, tukaenda mbio. Hapa tuseme ukweli juu yetu wenyewe, maana katika ripoti zetu hatukuuandika vizuri. Tulifanya kile tulichozoea. Tukapata ukumbi, tukapanga viti, tukanunua sukari, yaani soda, tukaalika machifu, wazee wa makabila, mchungaji na padri. Watu walizungumza vizuri sana. Karatasi ya maelewano iliandikwa, ikasainiwa na watu 14, tukapiga picha. Kabla ya wiki kwisha, ngumi zilipigwa pale pale kisimani.

Sababu tuliiona baadaye, na ni ya aibu kidogo. Kati ya wale 14 waliosaini, wanaoshika arozwari kila siku walikuwa wawili tu. Wanaomwagilia ni wanawake na vijana wa kibarua, na saa ile ya mkutano walikuwa bondeni wanamwagilia.

Basi tukaacha ukumbi. Kwa siku tano wawili wetu walikwenda bondeni kabla ya jua kutoka, wakakaa, wakahesabu. Kitanda cha mita 10 kwa mita 1 kinataka kama lita 60 kwa siku wakati wa jua, yaani arozwari sita za lita 10, nusu asubuhi na nusu jioni. Mama mwenye vitanda vinane anabeba arozwari karibu 50 kila siku, mbili mbili, mmoja mkono huu na mmoja ule, mgongo umeinama. Mkifanya hesabu hiyo mtaelewa kwa nini mtu anagombana kwa ajili ya ndoo moja. Si roho mbaya; ni mgongo unaouma.

Hesabu ikatuonyesha jambo la pili. Maji waliyochota wakulima wote pamoja hayakutosha kukausha visima vile. Tukapanda juu ya bonde. Huko tulikuta vitu viwili. Kwanza, vijana wa matofali. Kiangazi ni msimu wao pia: wanachimba udongo, wanakanda, wanachoma kabla ya mvua, na kukanda kunataka maji mengi. Pili, kisima kirefu kilichofungwa motopompa, kilichokuwa kinavuta usiku kucha. Mwenye motopompa alikuwa mmoja wa wale 14 waliosaini karatasi yetu ya maelewano. Na ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote habari ya "wakuja".

Hatukusimama mbele ya watu kumtaja. Tungefanya hivyo, tungewasha moto mwingine. Tulimfuata nyumbani kwake, tukiwa na baba mmoja mzee anayemheshimu, tukamwonyesha daftari letu la hesabu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema hakujua kwamba kisima chake kinavuta maji ya wengine. Alidhani kila kisima kina maji yake. Kama alijua au hakujua, hilo analo moyoni mwake. Sisi tuliona bora kumwachia mlango huo wa kutokea.

Yaliyofuata yalipangwa bondeni, watu wamesimama, si ukumbini. Motopompa inazimwa jua likichwa na haiwashwi kabla ya asubuhi, ili visima vijae usiku. Vijana wa matofali wanakanda siku tatu kwa wiki. Zamu ya kuchota inapangwa kwa mawe: kila mmoja ana jiwe lake, anayefika analiweka kwenye mstari, na hakuna jiwe linaloruka lingine. Wazo la mawe lilitoka kwa mama wenyewe, ndivyo wanavyopanga foleni kwenye bomba la mtaani. Visima viwili viliongezwa kina, kwa fedha za likelemba yao pamoja na saruji tuliyotoa sisi. Mama aliyekanyagiwa vitanda alipewa miche ya kabichi ya kujaza vitanda sita. Siku ya kwanza aliikataa, akaiacha pale pale chini ikinyauka. Siku ya pili jirani yake, yule yule waliyegombana kisimani, aliipanda mwenyewe katika vitanda vya mama yule bila kusema neno. Mpaka leo hawa wawili hawatembeleani, lakini wanalinda vitanda kwa zamu.

Tuseme sasa habari ya soko, maana ugomvi wa bondeni haubaki bondeni.

Mama wanunuzi wanafika alfajiri, wananunua kitanda kizima kwa jicho, kisha mboga zinakwenda soko la Kenya, Katuba, Ruashi, na kwenye meza ndogo za kila avenyu. Pamoja na mboga yanakwenda maneno. Ile wiki ya Julai, habari ya vitanda vilivyokanyagwa ilifika sokoni kabla ya saa nne, na ilipofika ilikuwa imekua: mtu ameuawa. Hakuna aliyeuawa. Lakini wauzaji wengine walianza kukataa mboga za upande huu au upande ule. Aliyezima uvumi ule si sisi. Ni mama mmoja muuzaji wa lenga-lenga aliyenunua kwa pande zote mbili miaka mingi, akasimama juu ya kiti chake akasema: "Nimetoka huko asubuhi hii, nimewaona wote wazima, nyamazeni muuze." Tangu siku ile tunawaomba wauzaji wawili wawe katika kila kamati ya bonde.

Bei nayo inagombanisha watu. Wote wakipanda Mei, wote wanavuna wakati mmoja, na kabichi inauzwa bei ya bure. Tulijaribu kupanga tarehe za kupanda kwa zamu. Ilifanikiwa nusu, kwa sababu mwenye deni la mbegu hawezi kungoja. Halafu kuna mpaka. Mji wetu unakula sana kutoka Zambia: unga, vitunguu, tomati. Mwaka 2024 Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, kila nyumba ilihisi kwenye meka ya unga. Agosti ya mwaka huo huo Zambia ilifunga mpaka wa Kasumbalesa, Mokambo na Sakania kwa siku chache kwa ugomvi wa biashara. Siku zile mkulima wa bondeni alikuwa mfalme. Lori ziliporudi, aliyekuwa amekopa kwa bei ya ufalme alilia. Tunawaambia wakulima: siku za mpaka kufungwa msikope.

Kuna swali tunaloulizwa kila mahali, na hatutaki kulikimbia: "Je, mboga zetu zina sumu?" Mji huu umeyeyusha shaba tangu 1911. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven walitoa utafiti ulioonyesha kobalti nyingi mno katika mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Novemba 2025 maji machafu ya kiwanda cha madini yalifurika mitaani katika komini ya Annexe, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni ile. Basi swali ni la haki. Tunajibu hivi: kuosha kunaondoa vumbi lililo juu ya jani, hakuondoi kile kilichoingia ndani. Mboga za majani kwa kawaida zinabeba zaidi kuliko tomati. Anayelima kando ya maji yanayotoka kiwandani aache majani, na akiweza aache mahali pale. Wenzetu wengine walituonya tusiseme haya kwa sababu tutawaharibia mama soko. Tuliwauliza mama wenyewe. Walisema wanalisha watoto wao mboga zile zile, tuseme.

Jambo la mwisho ni ardhi. Kwa sheria ya 1973 ardhi ya nchi hii ni mali ya Serikali. Wakulima wa bonde lile hawana karatasi yoyote, wana neno la chifu tu, na chifu aliyelitoa amekwisha kufa. Sasa vigingi vimeanza kuonekana kwenye ukingo wa juu, watu wanagawa viwanja. Motopompa, matofali na vitanda vyote viko ndani ya vigingi hivyo. Mara hii mwenye motopompa na mama wa vitanda sita wameandika barua moja, wamesaini pamoja, na wakulima wote wamesaini kwa mikono yao. Tuliwahesabu, ni 61. Barua imepelekwa kwa bugumestri na nakala kwenye ofisi ya ardhi. Jibu halijafika. Tunaomba wajumbe mnaotoka Annexe mbaki kidogo baada ya kikao hiki, tupange nani atakwenda kuulizia, na siku gani, kabla ya Mei kufika na watu kuteremka tena bondeni.