Mwalimu Mkuu Akiwa Mwanamke

Maongezi ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo

Tunajua huu ni wakati wa palizi na kila mmoja wenu ameacha jembe lake shambani. Kwa hiyo hatutakaa sana.

Leo tunataka kuzungumza juu ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi anapokuwa mwanamke. Wengine mtauliza, haya yanatuhusu nini sisi watu wazima? Yanatuhusu. Shule ni ya kijiji na watoto ni wetu. Hata darasa letu la kisomo linakaa katika chumba cha shule hiyo hiyo, na ufunguo anao mwalimu mkuu.

Kwanza tukubaliane kwamba mwanamke anaweza kuongoza shule. Hili si jambo la kubishania tena. Mama Maria Kamm alianza kuongoza Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Weruweru, kule Moshi, mwaka 1970, akaiongoza kwa zaidi ya miaka ishirini. Ndugu Margaret Sitta aliongoza Chama cha Walimu, kisha kuanzia 2006 mpaka 2008 akawa Waziri wa Elimu. Ndugu Joyce Ndalichako naye alishika wizara hiyo tangu Desemba 2015 mpaka Januari 2022. Na mwezi Machi 2021 Ndugu Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa nchi.

Lakini Weruweru ni shule ya wasichana. Watu husema, sawa, mama awaongoze mabinti. Na Dodoma ni mbali. Matata huanza mama huyo anapoletwa katika shule yetu ya hapa hapa, yenye wavulana na wasichana, walimu wanaume sita au saba, na kamati ya wazee.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati ya shule. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza, Januari 2016, serikali hupeleka fedha za ruzuku katika akaunti ya shule iliyoko benki, na mwalimu mkuu ndiye wa kufunga safari kwenda mjini kuzishughulikia. Mwishoni mwa 2021 serikali ilianza kujenga madarasa 15,000 nchi nzima. Mengi yalijengwa na mafundi wa vijijini, na mwalimu mkuu akawa msimamizi. Anahesabu mifuko ya saruji, anapima mchanga, anaandika kila msumari. Na bado ana vipindi vya kufundisha.

Hayo yote humpata mwalimu mkuu yeyote, mwanamume au mwanamke. Sasa tusikilize yanayompata mwanamke peke yake.

Tulitembelea shule moja, jina tutaliacha. Mama aliyekuwa mkuu pale alikuwa amekwisha andika barua ya kuomba avuliwe madaraka. Tulipomwuliza sababu, hakutaja wanafunzi wala kazi nyingi. Alitaja saa za kikao. Kamati ilikuwa inaitwa saa kumi jioni. Wajumbe wanafika saa kumi na moja na nusu. Wanasalimiana, wanaulizana habari za mvua na bei ya mahindi. Kikao kinaanza giza linaingia, kinakwisha saa mbili usiku. Mama huyo ana mtoto mdogo nyumbani, na nyumba aliyopanga iko mwendo wa saa nzima kwa miguu, maana shule haina nyumba ya mwalimu. Akiomba kuondoka mapema anaambiwa, "Unaona? Kazi imemshinda." Akibaki mpaka mwisho, mwenyekiti anamsindikiza kwa heshima, na kesho yake kisimani kuna maneno.

Na mambo hayakuwa yanakatwa kwenye kikao hicho. Yalikuwa yamekwisha katwa Jumamosi kilabuni, kwenye pombe. Nani apewe kazi ya kufyatua matofali, nani alete mbao, fundi alipwe kiasi gani. Yeye katibu, mwenye kuandika na kutia sahihi, anaelezwa tu baadaye. Mwalimu mkuu mwanamume angepita kilabuni akanywa kata moja na kusikia yote. Mwanamke akipita pale ataitwa jina gani? Mnalijua.

Basi fundi naye akaona. Mama anamwambia, "Fundi, ukuta huu umepinda." Fundi anajibu, "Nitazungumza na mwenyekiti." Ukuta ukaendelea kupinda. Mkaguzi alipokuja, aliyeulizwa ni nani? Si fundi, wala si mwenyekiti. Ni mama mwenye sahihi yake kwenye karatasi.

Ndugu zetu, hapa ndipo tunapotaka mfikiri sana. Mama yule alishindwa wapi? Hesabu zake tuliziona, zilikuwa safi. Alishindwa kwa sababu madaraka alipewa mchana na akanyang'anywa jioni.

Saa ya kikao si sheria ya serikali. Mnaipanga ninyi. Kamati inaweza kukaa saa tatu asubuhi siku ya Jumamosi, pale pale shuleni, watu wakatawanyika kabla ya jua kali. Haigharimu hata senti. Na akina mama wajumbe, ambao jioni huwa wanapika, nao watahudhuria mpaka mwisho badala ya kuaga katikati.

Lipo neno tunalisikia sana: "Wanawake wenyewe hawataki vyeo. Wakiitwa wanakataa." Sisi hatukubali maneno hayo. Hebu mtazameni mwalimu mwanamke aliyepewa barua ya kwenda kuwa mkuu wa shule ya mbali, pasipo na basi. Mumewe ana kazi hapa. Watoto wanasoma hapa. Mwanamume akipata barua kama hiyo, mke na watoto humfuata, au mke hubaki akilinda nyumba na watu humsifu. Je, ni waume wangapi mnaowajua waliomfuata mke kwenye kituo chake cha kazi? Akienda peke yake atasemwa ameacha ndoa. Akikataa, ofisi inaandika kwamba hataki uongozi. Na mwaka unaofuata haitwi tena. Ofisi zina lawama zake katika jambo hili, tusizifiche.

Kisha kuna uzazi. Sheria inampa mwanamke likizo ya uzazi ya siku 84. Ni haki yake, si hisani ya mtu. Lakini tumeona mahali ambapo mwalimu mkuu alirudi na kukuta msaidizi wake amekwisha zoea kiti. Walimu wanapeleka mambo kwa yule, wazazi pia. Mama anasalimiwa vizuri, ila hapelekewi neno. Kamati ingeweza kuzuia hayo kwa kuandika katika muhtasari siku ile ile ya kuondoka kwake: fulani anakaimu mpaka tarehe fulani. Mstari mmoja tu.

Na ninyi akina mama, msidhani tunawasema wanaume peke yao. Nani anayeuliza kisimani kama mwalimu mkuu anampikia mumewe? Nani anayesema anajidai kwa sababu kapita na mkoba bila kusimama kuzungumza? Mwalimu mkuu mwanamume akipita haraka, tunasema ana kazi nyingi. Mama mmoja wa kikundi cha kisomo alitujibu, "Tumezoea kuongozwa na waume, akituongoza mwenzetu tunaona kama ametuibia." Alisema kwa kucheka, lakini alisema kweli.

Tumalizie na jambo la fedha, maana ndilo linalowaangusha wengi. Neno likianza kwamba mwalimu mkuu "amekula" fedha za shule, huenda haraka zaidi likimhusu mwanamke. Akinunua kitenge kipya watu wanahesabu. Pengine amekula kweli. Wapo wanawake wezi kama walivyo wanaume wezi, na hatumtetei mwizi. Lakini mwizi hujulikana kwa hesabu, hajulikani kwa kitenge.

Na hesabu ninyi sasa mnaweza kuzisoma. Zamani mlisomewa. Mapato na matumizi ya shule yanatakiwa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, mahali ambapo kila mzazi anaweza kuyaona. Msiogope kusimama pale. Angalieni kwanza fedha iliyoingia na tarehe yake. Halafu angalieni matumizi: chaki kiasi gani, ukarabati kiasi gani, nauli ya benki kiasi gani. Jumlisheni wenyewe, kama tulivyofanya katika somo la hesabu. Ikiwa karatasi haipo, mwulizeni mwalimu mkuu kwa adabu, au iulizeni kamati. Ikiwa haikubaliani, andikeni barua kwa serikali ya kijiji na mtie sahihi majina yenu. Na ikiwa inakubaliana, basi siku ile neno litakapofika kisimani au kilabuni, mjibuni aliyelileta: "Mimi nimesoma. Wewe umesoma?"

Mama yule wa barua tuliyemtaja, barua yake bado haijajibiwa tulipoondoka. Kamati ilikuwa imeomba ikae kwanza, tena Jumamosi asubuhi.

Sasa tunaomba maswali. Wale waliokaa nyuma, karibu na mlango, waanze. Ndiyo, mama, wewe mwenye mtoto.