Anayenufaika Ni Nani? Vyama Visivyo vya Faida na Msamaha wa Kodi, Kutoka Marekani Hadi Mgeta

Ndugu viongozi wa vikundi, mmeteremka kutoka Mgeta, Matombo na Kinole, katika milima ya Uluguru, kuhudhuria semina hii. Swali lililonileta mbele yenu mmeliuliza mara nyingi: ikiwa chama kimekwisha andikishwa, na hati yake imetundikwa ukutani, yawaje tena kikadaiwa kodi? Jawabu langu ni kwamba hati ya usajili hukipa chama uhai mbele ya sheria, na uhai peke yake haujapata kumwondolea mtu kodi. Msamaha hupimwa kwa mizani nyingine kabisa, nayo ni kuuliza anayenufaika ni nani.

Nitaanza mbali kidogo, Marekani, kwa sababu huko swali hilo limepangiwa majibu mengi sana. Tangu sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 1913 vyama vya hisani vilisamehewa, na leo kifungu cha 501(c) cha sheria yao kina aya zaidi ya ishirini, kila moja na jamii yake ya vyama. Aya ya tatu, iliyo mashuhuri kuliko zote, ni ya dini, hisani, elimu, sayansi na mfano wa hayo; ya nne ni ya ustawi wa jamii; ya tano ni ya vyama vya wafanyakazi na vya wakulima; ya sita ni ya jumuiya za wafanyabiashara; ya saba ni ya klabu za starehe; na hata makampuni ya makaburi yana aya yake, ya kumi na tatu. Wote hawa husamehewa, lakini daraja zao hazilingani. Atoaye sadaka kwa chama cha aya ya tatu huruhusiwa kuitoa katika hesabu ya mapato yake yatozwayo kodi, fadhila iliyoanza mwaka 1917, ilhali alipaye ada ya klabu ya starehe hapati kitu, kwa kuwa amejinunulia raha yake mwenyewe. Aidha, fadhila hiyo ina masharti: faida isigawiwe wenye chama, na tangu mwaka 1954 chama cha aya ya tatu kimekatazwa kumpigia kampeni mgombea yeyote. Jirani zetu wa shirika la APOPO, wanaowafunza panya buku katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, asili yao ni Ubelgiji, lakini wanalo tawi Marekani chini ya aya hiyo ya tatu, na kwa njia hiyo mtu wa huko aweza kuiauni kazi ifanyikayo chini ya milima yetu akapunguziwa kodi kwao.

Kwetu Tanzania milango ya usajili ni mingi, bali mlango wa msamaha ni mwembamba. Iko Sheria ya Vyama ya mwaka 1954. Iko ya Wadhamini ya mwaka 1956, isimamiwayo na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Iko ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002; zipo za ushirika na za makampuni. Hakuna msajili hata mmoja kati ya hao awezaye kusamehe senti. Mwenye kauli ni Kamishna wa Mamlaka ya Mapato, kwa kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, naye hutoa uamuzi wa maandishi kwamba chama ni cha hisani au cha dini. Hata hapo msamaha si kamili: chama hutoa kwanza katika hesabu fedha kilizotumia katika kazi zake za hisani, kisha robo ya mapato yake, na kinachosalia hutozwa.

Tuchukue mfano wa kina mama wa Nyandira, huko Mgeta, wanaolima kabichi na karoti, wakachangiana kukodi lori, wakauza mjini, wakagawana. Kazi ni njema mno, lakini anayenufaika ni mwanachama, na mahali pao ni ushirika; Marekani kadhalika ingewaelekeza kwenye kifungu cha 521, cha ushirika wa wakulima. Kina mama hao hao wakivuta maji ya chemchemi yanywewe na kijiji kizima, aliye mwanachama na asiye, hapo wameingia katika hisani.

Hapa nina lalamiko. Sheria ya 2004 ilitaja umaskini, elimu, afya, maji na barabara. Msitu haikuutaja kwa jina. Ilhali chemchemi za Uluguru ndizo zinazoulisha mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Basi kikundi kinacholinda miti ya Uluguru kiandike katika katiba yake kwamba kinalinda maji ya umma, maana ndiyo kweli yenyewe.

Chama cha hisani hushika mali kwa amana, na Waluguru, wenyeji wa milima hii, hawahitaji kufundishwa maana ya amana. Ardhi ya lukolo, yaani ukoo wa kuukeni, hushikwa na mkubwa wa ukoo, naye huigawa kwa wanaolima, lakini si yake ya kuuza. Mdhamini wa chama husimama mahali pale pale, na Waislamu wameijua hali hiyo katika wakfu. Kwa hiyo, kabla ya kumwandikia Kamishna, fungueni katiba zenu mtafute ibara isemayo mali itakwenda wapi siku chama kitakapovunjwa. Katika katiba mlizonipa kuzisoma jana usiku, zilizo nyingi zasema wanachama watagawana. Nitaanza na ibara hiyo baada ya chakula cha mchana, katiba moja baada ya nyingine.